Kuni Zilizotoka Mchangani

Mchanga wa ule mwinuko ni mzuri sana kwa lipu. Naanza na hilo kwa sababu mimi ni fundi wa kujenga, na sitaki mtu asome haya akidhani kwamba waliotaka kuuchimba walikuwa wajinga au wabaya. Ni mchanga mwembamba, msafi, hauna udongo ndani yake. Ukiuchekecha, kinachobaki juu ya chekeche ni kidogo tu: vijiti, kinyesi cha mbuzi, ganda la konokono. Fundi yeyote wa Tunduma akiushika kiganjani atauliza umetoka wapi.

Umetoka kwetu bondeni, Momba, upande wa Ziwa Rukwa, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka nyumbani kwangu. Ni mwinuko mrefu wa mchanga mweupe, na pande zake zote ni mbuga ya udongo mweusi, ule unaopasuka kiangazi na kunasa matairi masika. Ukiwa pale ziwa huwezi kuliona, liko mbali. Zamani lilifika. Mawimbi yalileta mchanga, upepo ukaurundika, kisha ziwa likarudi nyuma na kuuacha. Haya sikuyajua mwenyewe. Niliambiwa na mke wangu, ambaye naye aliambiwa na mtafiti. Mimi niliishia darasa la saba.

Mke wangu alifariki mwezi wa saba mwaka huu.

Yeye ndiye aliyekuwa akiuangalia ule mwinuko. Miaka michache nyuma alikuja mtafiti, mwanamke wa makamo mwenye kofia kubwa, akamwomba mwenyekiti wa kijiji ampatie mtu anayejua kuandika na asiyetia chumvi. Mwenyekiti akamleta kwetu. Kazi yenyewe ilikuwa kuhesabu mijusi. Watu walicheka. Bondeni tunahesabu ng'ombe, magunia ya mpunga na siku ambazo mvua imechelewa. Mjusi anahesabiwa na nani?

Huyu si mjusi wa ukutani. Urefu wake ni kama kidole cha kati, na mkia kidole kingine. Ni mweupe wa kufifia, na vidole vyake vya nyuma vina magamba yaliyochomoza pembeni kama meno ya kitana. Akikimbia juu ya mchanga hazami. Akitaka kuzama, anatikisa mabega mara mbili na humwoni tena. Kwa hiyo hahesabiwi yeye, zinahesabiwa nyayo. Jioni, jua likiwa bado lipo, mke wangu alisawazisha vipande kumi vya mchanga, kila kimoja upana wa mlango. Ubao wa kusawazishia nilimchongea mimi, sawa na ule tunaonyooshea lipu. Asubuhi, jua likishapasha mchanga na kabla upepo haujaanza, alikwenda kusoma kilichoandikwa pale. Mjusi anaacha vinyayo viwili viwili pembeni, na katikati mstari mwembamba wa mkia unaokatikakatika.

Daftari lake lilikuwa na safu tatu: Nimeona, Sijaona, Sina hakika. Nililifungua siku moja nikamwuliza, "Mbona sina hakika zako ni nyingi hivi?"

"Kwa sababu sina hakika," akasema, akaninyang'anya.

Siku nyingine nilimkuta barazani akichagua mbegu za ufuta. Akaniuliza ghafla, bila kuinua macho, "Hivi wewe unadhani nani aliwapaka rangi wale mijusi?"

"Mungu."

"Sawa. Alitumia nini?"

Nikafikiria brashi na chokaa. Alipenda sana kunitega namna hiyo.

"Alitumia kipanga," akasema. "Mimi hapa nachagua punje nzuri, naipanda. Kipanga anachagua mjusi anayeonekana, anamla. Aliyekosa kuonekana ndiye anabaki kuzaa. Zamani walikuwa na rangi kama wenzao wa mbugani, weusiweusi. Ziwa likaondoka, wakabaki juu ya mchanga mweupe. Weusi wakaliwa. Aliyefifia kidogo akapona, akazaa. Watoto wake waliofifia zaidi wakapona. Hivyo hivyo, miaka ambayo hata yule mama mtafiti hawezi kuihesabu."

"Kwa hiyo hawa ni waliokosa kuliwa."

"Ni watoto wa waliokosa kuliwa."

"Na wakihama?"

"Wahamie wapi? Mbugani? Ukimweka pale anaonekana kama tonge la ugali juu ya makaa." Akapuliza pumba za ufuta zikanirukia usoni, akacheka.

Nimeandika maneno haya kama ninavyoyakumbuka. Huenda nimebadilisha moja mawili.

Alipougua ilikuwa haraka. Gari tulilopata lilikwama mara mbili kabla hatujafika hospitali ya Chitete, na mara ya pili tulisukuma mimi na dereva na mtu mmoja aliyekuwa akipita na baiskeli. Sisemi angepona barabara ingekuwa nzuri. Sijui. Najua tu kwamba nilikuwa nimeweka bega kwenye mlango wa nyuma, na kupitia kioo nilikuwa naona khanga aliyofunikwa, na gari halisogei.

Kwa upande wa mke wangu ni watu wa ng'ombe, waliohamia bondeni kutoka mbali wakiwa na mifugo yao. Kwa upande wangu ni watu wa Igamba, kule milimani, wa kahawa na mahindi, wanaovaa sweta. Wote walikuja msibani. Hapo kwetu, msiba una moto. Wanaume hukaa nje kuuzunguka mpaka siku ya kuanua matanga, na moto haupaswi kuzimika. Watu wakiwa wengi, moto unakuwa mkubwa, na mbugani miti ni ya kutafuta.

Siku ya pili shemeji yangu, kaka wa marehemu, alinijia pale mkekani nilipokuwa nimekalishwa. Akachuchumaa.

"Shemeji, samahani. Kuni zimekwisha. Tukachukue wapi?"

Nikamwambia, "Kule juu ya mchanga kuna magogo makavu."

Nilisema hivyo. Hakuna aliyenilazimisha. Walikwenda na mkokoteni wa ng'ombe wakarudi umejaa, wakaenda tena, wakaenda tena. Yalikuwa magogo ya zamani, mengine yaliletwa na ziwa lenyewe, meupe kama mifupa. Yaliwaka vizuri. Baba zangu wa Igamba wakawa wanaota moto na kutaniana na wakwe zangu. Mmoja akasema, "Nyie watu wa ng'ombe, kumbe mnajua na kuni nzuri?" Akajibiwa, "Sisi tunajua, ila tunashangaa mtu wa milimani anayehisi baridi huku kwenye joto. Ndiyo kazi ya kahawa hiyo." Nikatabasamu kidogo. Sikufikiria jambo lolote.

Baada ya matanga nilishindwa kukaa. Sijui kueleza vizuri zaidi ya hapo. Nikiketi, miguu inanyanyuka. Nilikwenda Tunduma, nikapata kazi ya lipu kwenye duka karibu na foleni ya malori ya kuvuka kwenda Zambia. Siku ya tatu nikaacha. Nikapata nyingine, nyumba ya kupanga upande wa juu wa mji, nikafanya ukuta mmoja na nusu. Fundi mwenzangu akasimamisha mwiko akaniangalia.

"Kaka, unapiga lipu au unakimbizwa?"

"Nakimbizwa," nikamwambia.

Alidhani ni utani. Mchana ule ule nilipanda gari la kurudi bondeni, na nilipofika sikuingia ndani. Nilizunguka nyumba, nikaenda mpaka shambani, nikarudi, nikasimama mlangoni. Ubao wa kusawazishia ulikuwa umeegemezwa pale pale alipouacha. Asubuhi yake nikaondoka tena kwenda Tunduma. Nilifanya hivyo mara nne au tano. Makondakta walianza kunisalimia.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa mtafiti akanipigia simu. Alinipa pole, akaniuliza kama daftari lipo.

"Lipo."

"Mzee wangu, naomba unisikilize. Mwezi ujao kijiji kinakaa mkutano. Kuna mtu wa Tunduma ana malori, anaomba kuchimba ule mchanga. Mimi nimeandika ombi mwinuko uachwe. Lakini rekodi za marehemu zinaishia mwezi wa saba, na mwenyekiti ameniambia wazi: kama hakuna mtu wa kusema mijusi wapo hadi leo, mkutano utakubali malori. Unaweza kusoma nyayo?"

Nilikuwa nimewahi kumsindikiza mke wangu mara nyingi. Nikasema naweza.

"Usiniandikie ninachotaka," akasema. "Andika unachoona."

Nilichukua ule ubao. Nilifurahi, nakiri. Nilipata kitu cha kuipa miguu yangu.

Asubuhi ya kwanza vipande vyote kumi havikuwa na mjusi. Kulikuwa na nyayo za kwale, mende na panya. Nikaandika Sijaona, mwandiko wangu mkubwa chini ya mwandiko wake mdogo. Asubuhi ya pili vivyo hivyo. Ya tatu kulikuwa na mstari wa nyoka. Nikajiambia nimesawazisha vibaya. Nikasawazisha upya, taratibu, kama ukuta wa chumba cha bwana harusi. Ya nne, hakuna. Ya tano, hakuna.

Siku ya nane nilichoka nikakaa, na nilipokaa nikateleza kidogo kwenye shimo refu lisilo na kina, mfano wa kitanda. Nikaliangalia. Mbele yake kulikuwa na jingine. Na jingine. Mwinuko mzima ulikuwa na vitanda vile, na kando yake alama za magurudumu ya mkokoteni ambazo upepo ulikuwa haujazimaliza.

Mke wangu aliniambia zaidi ya mara moja: chini ya magogo ndiko wanakolala, ndiko wanakotaga, ndiko wanakokimbilia jua likiwa kali. Usigeuze gogo, na ukiligeuza, lirudishe. Nilikuwa najua. Mwenye kujua nilikuwa mimi peke yangu katika msiba ule wote, na ndiye niliyeelekeza.

Niliinuka nikaanza kutembea. Nilitembea mwinuko wote, huku na huku, mpaka nikaharibu vipande vyangu kwa miguu yangu mwenyewe.

Asubuhi ya kumi na mbili nilifanya jambo ambalo sikuwa na sababu ya kulisimulia, maana hakuna aliyeniona. Nilichuma unyasi mkavu wa kuchorea mstari wa mkia, na kwa ncha za vidole viwili nikapiga vinyayo, viwili viwili, kutoka ukingo mmoja wa kipande mpaka mwingine. Nikarudi nyuma nikaangalia. Ilikuwa kazi safi. Mkono wa fundi umezoea mambo hayo. Mtafiti mwenyewe angeipiga picha. Nilisimama pale nikifikiria kwamba nikipiga nyayo kama hizi kwenye vipande vitatu tu, mchanga wake unabaki, na hakuna atakayejua moto wa msiba wake ulikula nini.

Halafu nikawaza nitaandika kwenye safu ipi. Nimeona haikuwa kweli. Sina hakika haikuwa kweli, maana hakika nilikuwa nayo. Nikapitisha ubao. Nikaandika Sijaona.

Nilimpigia mtafiti siku mbili kabla ya mkutano, nikamwambia sijaona hata mmoja, na kwa nini. 

"Basi sema hivyo," akasema.

Mkutano ulifanyika darasani, shule ya msingi, watu wazima tumebanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigonga mbao. Mwenye malori alikuja na shati jeupe na vumbi mpaka kwenye nyusi. Hakuwa mtu wa majigambo. Alisema atachimba mwinuko ule, na malori yake yakianza kupita atamwaga kokoto sehemu zote mbovu za barabara ya Chitete. Watu wakaguna kwa furaha. Mimi pia niliisikia ile kokoto. Niliona bega langu kwenye mlango wa gari.

"Nasikia kuna habari ya mjusi," akaongeza. "Jamani, mimi si adui wa mjusi. Nyumbani kwangu wapo, hawalipi hata kodi."

Darasa likacheka. Mwenyekiti akagonga meza.

"Kuna ombi la mama mtafiti. Anayesoma nyayo sasa ni mume wa marehemu. Baba, simama utuambie. Wapo au hawapo?"

Nikasimama na daftari. 

"Nimesoma asubuhi kumi na tisa," nikasema. "Sijaona unyayo hata mmoja."

"Basi," akasema mtu nyuma, "tumemaliza."

"Sijamaliza. Walikuwepo mpaka mwezi wa saba. Mwandiko wa marehemu huu hapa. Wanaishi chini ya magogo, na magogo hayapo. Kuni za msiba wa mke wangu zilitoka pale, na aliyesema zitoke pale ni mimi. Nilijua, nikasema. Hakuna mwingine wa kulaumiwa."

Nilitaka kukaa lakini dawati lilikuwa limenibana. Nikabaki nusu nimesimama. Shemeji yangu, aliyeendesha mkokoteni, alikuwa safu ya mbele, akainamisha kichwa mpaka nikaona kisogo tu.

Mwenye malori akasema taratibu, "Pole, mzee." Kisha akamgeukia mwenyekiti: "Ila kama hawapo, hawapo."

"Kama hawapo, hawapo," mwenyekiti akakubali, akavuta karatasi.

Hapo akasimama mama mkwe wangu. Alikuwa amekaa chini upande wa wanawake, karibu na mlango. Kwao, mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni wala hawazungumzi moja kwa moja, kwa hiyo alimwelekea mwenyekiti.

"Mwenyekiti, mwambie mkwe wangu kwamba kuni hazikuisha."

Mwenyekiti akanitazama. "Kuni hazikuisha."

"Nimemsikia, mwenyekiti."

"Mwambie mkokoteni wa mwisho haukuwashwa. Ulishushwa kwangu, nyuma ya zizi. Kuni za msiba sisi hatuzipikii chakula cha nyumbani. Zinangoja siku ya kuhitimisha, mwaka ukitimia. Zipo. Na mwambie," akasita, "tangu zije, kuku wangu wana tabia mpya. Asubuhi hawaji kwenye pumba. Wanashinda kwenye kuni, shingo ndefu."

Mwanamke mmoja akasema, "Mama, kumbe wanakula rekodi za serikali!" Darasa likalipuka. Hata mwenye malori alicheka mpaka akafuta macho. Mwenyekiti alipowatuliza akasema mkutano utaendelea Jumamosi inayofuata. Kama mijusi wapo, waonekane mchangani, si nyuma ya zizi la mtu. Kama hawaonekani, malori yaingie.

Nilikuwa sijawahi kukanyaga nyuma ya zizi la mama mkwe wangu. Miezi mitatu nilipita njia ya mbele, nikasalimia kwa mbali kama inavyopaswa, nikaendelea. Kama ningekuwa mkwe asiye na adabu ningeziona zile kuni siku ya kwanza. Safari hii aliniruhusu kupitia kwa mwanawe, na yeye akaingia ndani mpaka tumalize.

Magogo yalikuwa yamepangwa ukingoni, karibu na rundo la majivu ya moto wa zizi, ule wa kufukuzia mbu. Udongo pale ni mweusi, umechanganyika na samadi. Jogoo mmoja alikuwa amesimama juu ya gogo kama mlinzi wa benki. Shemeji akamtupia bonge la samadi.

"Shuka, mwizi."

Tuliinua gogo la kwanza taratibu. Hakuna. La pili, kulikuwa na mkia tu, mkavu. Shemeji akauokota, akauangalia, akauweka juu ya kidole gumba.  La tatu, hakuna.

"Shemeji," akasema, "mimi ndiye niliyeyabeba. Mbona hukunizuia?"

"Nilikutuma, nitakuzuiaje?"

"Na dada alikuwa ananiambia kila siku, usikate kule, usikate kule. Nikawa namwona kama mtu anayelima visivyolimwa."

Tukainua la nne. Kitu kilitoka mbio, kikakata udongo mweusi, na jogoo akarudi kutoka sikujua wapi, akaruka. Nilikiona vizuri sana kile kitu. Mtu yeyote angekiona. Tonge la ugali juu ya makaa. Shemeji alimpiga jogoo teke na mjusi akaingia kwenye majivu, akatikisa mabega mara mbili, akapotea.

 Nikapiga magoti kando ya yale majivu. Juu yake, yakiwa laini namna ile, kulikuwa na maandishi: viwili viwili pembeni, katikati mstari unaokatikakatika. Mengi. Yalipishana kama njia za kwenda kisimani. Waliokimbilia udongo waliliwa. Waliokimbilia majivu hawakuonekana. Nilimsikia mke wangu akisema hivyo, kwa sauti yake ya kupuliza pumba, na nikalazimika kutazama pembeni ili shemeji asinione.

Tuliwakamata kwa mikono, tukichota majivu polepole kwenye beseni. Wanne. Chini ya gogo la mwisho tukapata mayai mawili, tukayachukua pamoja na udongo wake, bila kuyageuza, kama mke wangu alivyoniambia kuwa mtafiti hufanya. Magogo tukayapakia kwenye mkokoteni. Yalikuwa kumi na moja. Mama mkwe hakutoka, lakini tulipoanza kuondoka alisema kutoka ndani, akimwambia mwanawe kwa sauti ya kutosha mimi nisikie:

"Siku ya kuhitimisha tutatafuta kuni nyingine. Hizo mwacheni marehemu aendelee nazo."

Mchangani kila gogo tulilirudisha kwenye kitanda chake, kwa kukisia. Mengine hayakulingana. Mijusi tuliwashusha mmoja mmoja. Wa kwanza alikaa sekunde kadhaa, mgongo umejaa majivu, nikadhani amekufa. Kisha mchanga ukawa mtupu.

Nilisawazisha vipande kumi. Asubuhi ya kwanza, Sijaona. Ya pili, upepo uliniwahi, nikaandika Sina hakika kwa mara ya kwanza maishani mwangu, na nikaelewa kwa nini yeye alikuwa nazo nyingi. Ya tatu ilikuwa Ijumaa. Kipande cha sita, karibu na gogo kubwa, unyayo ulitoka chini ya gogo, ukazunguka kama mtu anayekagua nyumba, ukarudi. Sikuugusa. Niliufunika kwa beseni na jiwe juu yake, nikaenda kumwita mwenyekiti, naye akaja akiwa na mwenye malori kwenye simu ya video, akimwonyesha ule unyayo.

"Ni wa kweli huo?" sauti ikauliza kwenye simu. "Mafundi wanaweza kuchora chochote."

Mwenyekiti akanigeukia. 

"Naweza kuchora," nikasema. "Nilichora mmoja siku ya kumi na mbili, nikaufuta. Huu si wangu."

Mwenyekiti akainama akautazama tena ule unyayo. Kisha akamwambia yule wa kwenye simu, "Bwana, mtu aliyetuambia yale ya darasani hana sababu ya kunidanganya leo."

Jumamosi mkutano ukasema mwinuko usiguswe mpaka masika yapite, halafu utasomwa tena. Si zaidi ya hapo. Mwenye malori alikwenda kutafuta mchanga mtoni. Kokoto haikumwagwa, na barabara ya Chitete imekatika tena wiki hii kwa mvua. Kuna watu kijijini ambao bado wananisalimia kwa ufupi, na siwezi kusema wamekosea. Akiugua mtu mvua hizi, nitakuwa miongoni mwa wanaosukuma.

Mijusi wenyewe ni wachache. Wiki iliyopita nyayo zilionekana asubuhi mbili kati ya saba. Mayai sijui. Mtafiti ameniambia wanne wanaweza kuwa wachache mno kuanzisha ukoo, au wanaweza kutosha, na pengine wapo wengine waliojificha mbali ambao hatujawaona. Aliponiuliza ninaonaje, nikamwambia safu ya tatu ya daftari.

Bado sikai sana. Nikila, nakula nimesimama. Lakini asubuhi, nikishamaliza kusoma vipande, kuna gogo moja kubwa kuliko mengine, na nimegundua kwamba naweza kukaa mchangani kando yake, si juu yake, mpaka upepo uanze.

Leo nimekaa. Kisha jioni nikasawazisha.